Gharama ya kazi au gharama ya maisha? Swali la kijana wa Bariadi anayefanya kazi akiwa ugenini

Mkulima wa pamba wa Simiyu hahitaji mhasibu wa kumweleza gharama ni nini. Anazijua mbegu, anaijua dawa ya funza wa vitumba, anaujua ujira wa vibarua wa palizi na wa wachumaji. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, pamba ikapimwa kwenye chama cha ushirika (AMCOS) na fedha ikaingia, huzitoa hizo kwanza ndipo aseme mwaka umemlipa au umemtupa. Kitenge alichomnunulia mkewe hakiingizi humo. Mchele wa sikukuu hauingizi humo. Na kama aliamua mwenyewe kuhamia kwa shemeji yake Meatu huku shamba likibaki Bariadi, nauli ya kwenda na kurudi hataiita gharama ya pamba. Atajua kwamba ameilipia hiari yake.

Nimeanza na pamba kwa sababu swali ninalotaka kulijibu leo linasikika kama la watu wa mbali, na kumbe jibu lake limelala kwenye hesabu ambazo kila kaya ya Usukumani inazifanya tangu enzi. Swali ni hili: kijana anayefanya kazi zake kwa kompyuta, kwa wateja wa nje, akiamua kwa hiari yake kwenda kukaa Nairobi, Kigali au Dubai na kufanyia kazi huko, je, nauli, chumba, chakula na mtandao wa huko anaweza kuvitoa kwenye mapato yake kama gharama za biashara kabla ya kukatwa kodi?

Vijana wa namna hii wapo. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukimegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, na tangu hapo Bariadi, makao makuu yake, umekuwa mji unaovuta watu. Mkoa mzima, kwa maana ya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, sasa una watu zaidi ya milioni 2. Katika idadi hiyo kuna waliosoma vyuo wakarudi nyumbani bila ajira, wakajifunza kutafsiri, kuandika manukuu ya video, kutengeneza tovuti, kuchora nembo, kutunza vitabu vya hesabu vya kampuni ndogo za ughaibuni. Mteja yuko Toronto au Manchester, hajui mtaa wa Somanda wa Bariadi ni wapi, na hahitaji kujua. Anachotaka ni kazi ifike kwa wakati.

Tatizo ni huo wakati. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi ambazo mtandao wake ulilegea kwa siku kadhaa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ilichukua siku kadhaa kurudi. Kwa mwenye duka la nguo pale sokoni hiyo ilikuwa adha. Kwa anayeishi kwa kukabidhi kazi mtandaoni ilikuwa sawa na mvua ya mawe juu ya pamba iliyofunguka. Ndiyo maana mawazo ya kuhamia ng'ambo kwa muda, angalau miezi sita, yanawajia vijana wengi, na mimi siwalaumu. Msukuma hajaanza leo kuhama akifuata riziki. Waliotangulia walihama na ng'ombe hadi Usangu, Rukwa na Ruvuma. Hawa wanahama na kompyuta mpakato mgongoni.

Ila wengi wao wanaondoka na imani moja isiyo sahihi: kwamba maadamu kazi inafanyika kule, kila shilingi inayotumika kule ni gharama ya kazi.

Kwanza kabisa mtu ajiulize yeye ni nani mbele ya sheria. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu kutoa gharama kwenye mapato ya biashara na ya uwekezaji. Mapato ya ajira hayamo katika ruhusa hiyo. Ukiwa mwajiriwa wa kampuni, iwe ya Mwanza au ya London, na mwajiri akakuruhusu ufanyie kazi popote unapopenda, ukachagua kupanga nyumba Mombasa, hakuna mahali kwenye ritani ya kodi pa kuandika kodi ya nyumba yako, umeme wako au kiti ulichonunua. Njia iliyopo ni moja: mwajiri mwenyewe akurudishie fedha uliyoitumia kwa ajili ya kazi yake, kwa risiti, kiasi kilekile kilichotoka mfukoni mwako. Malipo ya namna hiyo, yakiwa kweli ni marejesho ya fedha ya kazi, hayahesabiwi kuwa sehemu ya mshahara. Akikupa posho ya jumla bila kujali umeitumiaje, hiyo ni mapato na itatozwa kodi. Kwa hiyo mwajiriwa anayepanga kwenda kukaa nje azungumze na mwajiri kabla hajakata tiketi. Akishaondoka, amechelewa.

Aliyejiajiri ndiye mwenye mlango wa gharama, naye pia kuna mahali mlango huo unafungwa. Tanzania ina utaratibu mwepesi wa kodi kwa wafanyabiashara wadogo wasiovuka mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka, ambao hulipa kwa kuangalia mauzo. Mwenye kibanda cha chipsi Bariadi yumo humo. Haulizwi faida yake, na kwa sababu hiyo hana gharama za kudai. Lakini wanaotoa huduma za kitaalamu na za kiufundi wametolewa kwenye utaratibu huo hata kama mauzo yao ni madogo. Mtafsiri, mtengeneza programu na mtunza hesabu wanaangukia upande huu. Wengi wakiambiwa hivyo hulalamika kwamba wameonewa. Mimi naona wamepewa haki ambayo mwenye kibanda hana: kutozwa kodi kwenye faida, baada ya gharama kutolewa. Haki hiyo haimfai asiyetunza hesabu.

Sasa tufike kwenye kiini. Sheria inaruhusu gharama iliyotumika kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara, yote na kwa ajili hiyo peke yake. Papo hapo inakataa matumizi ya mtu kujitunza mwenyewe, familia yake na nyumba yake. Maneno hayo hayakuzaliwa Dodoma. Ni ya Waingereza, yaliyoingia katika sheria ya pamoja ya kodi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1952 iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na yakaendelea kuishi katika sheria zetu baada ya uhuru. Ndiyo sababu Mkenya na Mtanzania wakizozana na mamlaka zao za kodi leo, mawakili wa pande zote mbili huweza kurejea mashauri yaleyale ya London. Mahakama zetu hazifungwi na hukumu hizo, lakini huzisikiliza.

Mashauri matatu yanamhusu kijana wetu moja kwa moja, na nayaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu yanafundisha kuliko ufafanuzi wowote.

Katika miaka ya 1920 wakili mmoja aliyeitwa Ricketts aliishi na kufanya uwakili London, na papo hapo alikuwa na wadhifa wa kulipwa wa ujaji katika mji wa Portsmouth. Alidai nauli ya treni ya kwenda Portsmouth na gharama ya hoteli. Shauri lilipanda hadi ngazi ya juu kabisa, na akashindwa. Kazi ya Portsmouth ilianza anapofika Portsmouth. Kuishi London ulikuwa uchaguzi wake, na mtu mwingine katika wadhifa uleule angeweza kuishi palepale Portsmouth asitumie hata senti.

Mwaka 1952 likaja la wakili Newsom, ambaye ofisi yake ilikuwa Lincoln's Inn, London, na nyumba yake Whipsnade, mashambani. Huyu alikuwa na hoja nzito zaidi. Jioni na mwisho wa juma alifanya kazi za kisheria nyumbani, na mahakama zilipokuwa likizoni kazi yote aliifanyia huko. Alisema basi nauli kati ya sehemu hizo mbili ni nauli kati ya ofisi na ofisi. Jaji Denning na wenzake wakamkatalia. Kituo cha kazi yake, walisema kwa maana yao, ni London. Whipsnade alikwenda kwa sababu ndiko alikochagua kulala na familia yake, na kufungua majalada sebuleni hakukuibadili safari hiyo kuwa ya kibiashara.

Kisha mwaka 1971 akaja fundi ujenzi, mwashi wa matofali aliyeitwa Horton. Hakuwa na ofisi popote. Alikwenda kwenye eneo la ujenzi hili wiki hii, lingine wiki ijayo, na mikataba, vifaa na hesabu zake vilikuwa nyumbani. Yeye alishinda. Mahakama iliona kwamba nyumbani kwake ndicho kituo cha biashara, na kila safari ya kutoka hapo kwenda kwenye tofali ilikuwa ya kazi.

Msomaji wa Bariadi atamwelewa Horton haraka. Fundi wetu wa kuchomelea akitoka Bariadi kwenda Ngasamo kufunga mageti ya shule, nauli ni ya kazi. Lakini akihamia Lamadi kwa kuwa anapenda upepo wa ziwa huku karakana ikibaki Bariadi, nauli ya kila asubuhi ni ya kwake.

Tumchukue basi binti wa kufikirika wa mtaa wa Somanda, mtafsiri na mhariri, mwenye wateja watano wa nje. Chumba kimoja nyumbani kwao ndicho ofisi. Mteja wake mmoja akimwita Nairobi siku tatu kufanya kazi na timu yake, akapanda basi Lamadi, akapita Bunda na Tarime, akavuka Sirari, akalala hoteli siku tatu na kurudi, hiyo ni safari ya biashara bila ubishi. Nauli ni gharama, hoteli ni gharama. Kituo chake kimebaki Bariadi na safari ilitokana na kazi.

Miezi mitatu baadaye anaamua kwenda kukaa Kigali kwa mwaka mzima. Hakuna mteja aliyemwita. Mji ni msafi, mtandao una kasi, rafiki yake wa chuo anaishi huko. Sababu zote hizo ni nzuri, na zote ni zake. Nauli ya kuhamia ni ya kwake, kama nauli ya Newsom kwenda Whipsnade. Kodi ya chumba anacholala ni ya kwake. Ndizi na maharage anayokula ni ya kwake, maana hata angebaki Somanda angekula. Bima ya afya, viza, vyombo vya jikoni, tiketi ya kurudi nyumbani Krismasi: vyake.

Wengi wakifika hapa hukata tamaa na kudhani kwamba uamuzi wa kuhama umefuta gharama zote. Hapo napo wanakosea, na ndilo jambo ninalotaka lieleweke. Hiari ya kukaa Kigali haiziui gharama ambazo zingekuwa za kazi popote pale. Akikodi dawati katika ofisi ya pamoja, dawati hilo halilali mtu wala halipiki chakula. Linafanyiwa kazi tu, na ni gharama. Bando la intaneti la laini ya kazi ni gharama. Ada ya programu ya kutafsiri ni gharama. Asilimia ambayo jukwaa la mtandaoni humkata kabla ya kumtumia fedha ni gharama, pamoja na ada ya benki ya kupokea dola. Akimlipa mhariri msaidizi, ni gharama. Kwa nauli na kitanda, sheria huuliza kilichokupeleka. Kwa dawati na bando, huuliza shilingi hiyo imenunua nini.

Kuna eneo la katikati, na sitaki kudanganya kwamba ni jepesi. Turudi kwenye ile wiki ya mwisho ya Oktoba 2025. Tuseme mtu alikuwa na kazi ya kukabidhi keshokutwa, mtandao umezimwa nchi nzima, akavuka mpaka kwenda Migori siku nne, akapanga chumba cha bei ndogo, akamaliza kazi na kurudi. Hakuitwa na mteja. Lakini hakwenda kustarehe pia. Kituo chake kilibaki nyumbani, safari ilikuwa fupi, na bila safari hiyo mapato yasingepatikana. Kwa maoni yangu hiyo ni gharama halali, na ningekuwa yeye ningeidai nikiwa na mkataba wenye tarehe ya kukabidhi kazi mkononi. Mtu yuleyule akiunganisha siku hizo nne na wiki mbili za matembezi pwani ya Mombasa, hoja yake inaanza kuvuja. Mahakama za Uingereza zimekuwa kali sana kwa matumizi yenye makusudi mawili. Tenganisha siku za kazi na siku za mapumziko kabla hujaulizwa, na udai za kazi tu.

Kompyuta nayo ina utaratibu wake. Ni mali ya kudumu, kwa hiyo bei yake haitolewi yote siku ya kununua. Sheria inaiweka katika daraja la kwanza la mali zinazochakaa, na kila mwaka unaruhusiwa kutoa asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki. Ya shilingi 1,600,000 itakupa 600,000 mwaka wa kwanza, kisha 375,000 mwaka wa pili, na kuendelea kushuka hivyo.

Tuweke hesabu mezani, kwa tarakimu za mfano. Binti wetu amepokea sawa na shilingi 24,000,000 kwa mwaka. Makato ya jukwaa ni 2,400,000, bando 1,200,000, dawati 1,800,000, uchakavu wa kompyuta 600,000. Jumla ni 6,000,000, na faida ni 18,000,000. Kwa viwango vya mtu binafsi mkaazi, shilingi 3,240,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi, kisha viwango hupanda kwa ngazi za asilimia 8, 20 na 25, hadi asilimia 30 kwa kinachozidi 12,000,000. Kodi yake itakuwa 3,336,000. Asingetunza hesabu, akatozwa kwenye mapato yote, ingekuwa 5,136,000. Hizo 1,800,000 alizookoa ni zake kihalali, hakumnyang'anya mtu. Akitaka kujiongezea kwa kuingiza kodi ya nyumba ya Kigali, mkaguzi ataikata, na juu yake kutakuwa na riba na adhabu.

Mtu ataniuliza: kama yuko Kigali mwaka mzima, Mamlaka ya Mapato (TRA) inamhusu nini?

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa vibaya, kwa sababu wamesikia habari ya siku 183 na wakadhani ndiyo yote. Ni kweli kwamba mtu aliyekaa nchini siku 183 au zaidi ndani ya mwaka ni mkaazi kwa madhumuni ya kodi. Ni kweli pia kwamba mtu aliyekuwepo nchini mwaka huu na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani unaozidi siku 122 kila mwaka ni mkaazi. Lakini kipo kigezo cha tatu ambacho husahaulika: ukiwa na makazi ya kudumu Tanzania, na ukawepo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka, wewe ni mkaazi. Sehemu yoyote. Binti wa Somanda mwenye nyumba aliyoijenga kwenye kiwanja cha baba yake, vitu vyake vimo ndani, akija Krismasi kwa wiki mbili kula michembe na kuwaamkia wazee, amekuwa mkaazi wa mwaka huo, na mkaazi hutozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima. Uraia hautazamwi hata kidogo.

Na majirani wana vigezo vyao. Kenya inatumia siku zilezile 183 na 122, maana sheria zetu ni za tumbo moja. Mtanzania aliyekaa Nairobi miezi saba anaweza kuwa mkaazi wa Kenya na wa Tanzania katika mwaka mmoja. Mkataba wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili ulisainiwa mwaka 2010, lakini hadi leo haujaanza kufanya kazi. Mikataba tuliyo nayo ni na nchi tisa: Afrika Kusini, Canada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Sweden na Zambia. Uingereza na Marekani, waliko wateja wengi wa vijana wetu, hazimo.

Kinachobaki ni nafuu iliyomo ndani ya sheria yetu wenyewe: mkaazi aliyelipa kodi ya mapato nje kwa mapato ya nje anaweza kupunguziwa kiasi hicho kwenye kodi ya hapa, bila kuvuka kodi ambayo mapato hayo yangetozwa nyumbani. Inahitaji ushahidi wa malipo kutoka mamlaka ya huko. Asiye na karatasi hiyo atalipa mara mbili.

Dubai nayo ina mvuto wake. Tangu mwaka 2020 imekuwa ikitoa viza ya mwaka mmoja kwa wanaofanya kazi za nje wakiwa huko, na mshahara wa mtu binafsi hautozwi kodi ya mapato. Kenya ilitangaza kibali cha aina hiyo mwaka 2024. Miji inawashindania watu hawa. Lakini kodi usiyolipa Dubai haikupi chochote cha kupunguza Bariadi. Ukiwa bado mkaazi wa Tanzania, mapato yale yanatozwa hapa kwa ukamilifu wake.

Nije kwenye ushahidi. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Paul Bomani na wenzake wakawakusanya kwenye vyama vya ushirika, hadi ukapatikana muungano mkubwa wa Victoria Federation of Cooperative Unions mwaka 1955. Walichokitaka wale wazee ni mzani wanaouamini na karatasi inayoonyesha kilo ngapi zimepimwa. Wajukuu zao wanapokea dola kwenye simu na hawana hata daftari. Hilo linanisikitisha kuliko kodi yenyewe, kwa sababu mtu asiye na kumbukumbu hana cha kusema siku akikadiriwa zaidi ya haki yake.

Ndani ya nchi, dai risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD) kwa kila unachonunulia kazi. Bila hiyo usitegemee gharama kukubaliwa. Nje ya nchi hakuna atakayekupa EFD ya Tanzania, kwa hiyo chukua ankara yenye jina lako, jina la muuzaji, tarehe na maelezo ya ulicholipia. Kenya ina mfumo wake wa ankara za kielektroniki, eTIMS, na mwenye ofisi ya pamoja Nairobi anaweza kukupa ankara ya mfumo huo. Tunza mkataba na barua pepe za mteja. Tunza mihuri ya paspoti, maana ndiyo itakayohesabu siku zako. Andika kiwango cha kubadilisha fedha cha siku ya muamala, kwa sababu hesabu za kodi huandikwa kwa shilingi. Laini ya kazi iwe yake, ya nyumbani iwe yake. Akaunti ya benki vivyo hivyo. Kumbukumbu hizo zikae si chini ya miaka mitano.

Mkaguzi akikukatalia gharama unayoamini ni halali, unaweza kuandika pingamizi ndani ya siku 30 tangu kupokea tathmini. Utatakiwa kwanza kulipa kiasi usichobishia au theluthi ya kodi iliyotathminiwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Mbele ya hapo kuna Bodi ya Rufaa za Kodi, Baraza lake, na Mahakama ya Rufani. Ni njia ndefu kwa mtu wa kipato kidogo, ndiyo maana nimesisitiza karatasi.

Nina ombi kwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Vijana ninaowazungumzia bado wanasikia habari za kodi yao kwa kuokoteza vijiweni na kwa video za watu wa Marekani na Uingereza, ambako sheria ni nyingine. TRA itoe mwongozo mmoja mfupi, kwa Kiswahili cha kawaida, unaotaja kwa majina yake: dawati la kukodi, bando, makato ya jukwaa, chumba cha nyumbani kinachotumika kama ofisi, safari ya kuitwa na mteja, na kuhama kwa hiari. Useme kipi kinakubaliwa na kipi hakikubaliwi, pamoja na mfano wa hesabu wa kila kimoja. Mwongozo huo upelekwe kwenye viwanja vya Nyakabindi wakati wa Nane Nane, ambako vijana wa mkoa mzima hufika, na aketi pale ofisa mmoja wa kuwajibu. Serikali inayowataka watu hawa wajisajili haina budi kuwaeleza kwanza.

Na wewe uliyekwishaanza kupokea fedha za wateja wa nje, huku begi la safari likiwa limefungwa: namba ya mlipakodi inatakiwa ndani ya siku 15 tangu kuanza biashara. Makadirio ya mwaka hupelekwa kabla ya Machi 31 kuisha, kodi hulipwa kwa awamu nne, na ritani ya mwisho huwasilishwa kufikia Juni 30 ya mwaka unaofuata. Tarehe hizo ni zilezile, uwe Somanda au Kigali.